Mama na Maporomoko ya Thika

Sisi tuliokuwa watoto Ruiru kabla ya Uhuru tunajua kwamba kutembea Krismasi kulikuwa ni kula mpaka tumbo liume. Vijana wa leo wakipanda gari huuliza kama kuna mtandao. Sisi tuliomba tu tusikutane na jamaa njiani.

Krismasi moja baba, dereva wa shamba la kahawa, aliachiwa pikapu ya mzungu wake kwa siku moja, airudishe kabla ya giza. Mama alikuwa na ombi moja: ayaone maporomoko ya Thika. Tangu utotoni alikuwa amebeba maji mgongoni, kamba ikimkata utosini. Alisema anataka kuona maji ambayo hayamngoji mtu ayabebe.

Tuliondoka mapema, vumbi jekundu likitujaa puani. Shida ilikuwa vijiji. Zamani jamaa walikaa mbalimbali, kila mmoja na kilima chake. Wakati wa Hali ya Hatari, vita vya Mau Mau, serikali ya mkoloni ikawakusanya pamoja, nyumba zikabanana hata moshi wa jirani ukawa wako. Ukimsalimia mmoja, wote wamekuona. Na kwetu huwezi kupita mlango wa jamaa bila kuonja chakula chake.

Kwa Tata Wambui, dada yake baba, tulikula mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja. Mlango wa pili, mukimo. Wa tatu, uji mkali, halafu mukimo.

"Baba Njeri, jua linaenda," mama alinong'ona.

"Sasa nifanye nini? Wameshatuona."

Mlango wa nne mama alikataa kushuka garini. Tata, aliyekuwa anatufuata nyumba kwa nyumba, akamletea sahani dirishani.

"Kwani mke wa ndugu yangu siku hizi anakula petroli?"

Watu walicheka. Mama akala, macho yake barabarani.

Baada ya hapo palikuwa na mashamba ya katani tu, kimya, upepo mzuri, wala hakuna wa kutusimamisha. Lakini jua lilikuwa limeshuka. Tulipoanza kuiona miti ya mtoni kwa mbali, baba alisimama.

"Tukiendelea, kesho sina kazi."

"Geuza," mama akasema. Alirudi Ruiru amepakata mukimo tuliofungiwa kwenye jani la mgomba.

Alizeeka bila kuyaona. Mimi siku hizi nafika pale asubuhi, barabara pana, umande haujakauka. Vijiji vimekuwa ploti na mageti. Napita milango yote ya jamaa zangu, na hakuna hata mmoja anayenichelewesha.