Mgongo wa Baba

Kila ninaposikia harufu ya viazi vitamu vikichemka, namwona baba amesimama mlangoni mwa darasa letu kule Gendabi.

Mwalimu alikuwa akipanga safari ya siku moja, kwenda kwenye bustani tulivu kando ya ziwa. Kila mtoto angebeba viazi na maji yake. Mimi aliniambia kwa upole nibaki, kwa kuwa mguu wangu mmoja haukuwa na nguvu, na kutoka barabarani hadi ziwani ni mwendo mrefu. Nilikubali, nikaenda kulia nyumbani.

Kesho yake baba aliwaacha ng'ombe kwa jirani, akaja shuleni na shuka lake begani.

"Shikamoo mzee," mwalimu akamwamkia.

"Marahaba. Mtoto wangu naye anakwenda."

"Nani atambeba, mzee?"

"Si mimi nipo?"

Siku ya safari alinibeba mgongoni njia nzima, akihema. Tulipofika ziwani akaniteremsha taratibu, akanishika mikono yote miwili, tukaingia majini. Maji yalipomfika magotini akasimama, hakusogea tena.

"Baba, unaogopa?"

"Sijawahi kuingia ziwani," akasema. "Nishike vizuri."