Mshipa Ulionikamata Manzese

Nyie mnaonijua mnajua mie si mtu wa kuona haya kirahisi, ila habari hii nimeifungia moyoni karibu mwaka mzima, na ninaisimulia leo kwa sababu tu mjomba Alois ameanza kuisimulia kwenye sherehe za watu na anaikosea. Bora muisikie kwa mjinga mwenyewe.

Nilikuwa nimepeleka barua ya posa kwa kina Neema, Sinza. Baba yake, Mzee Mfinanga, mwalimu mstaafu wa kutoka Upareni, mtu asiyecheka bila sababu ya msingi, akataka anione kabla barua haijajibiwa, basi nikaenda na mjomba Alois, ambaye ndiye mshenga wangu. Mzee akalitazama tumbo langu kwanza, uso baadaye (nauza vipuri vya pikipiki Manzese, kutwa nzima niko juu ya stuli, kitambi kingekosaje), akaniuliza kama huwa nafanya mazoezi. Jibu lilikuwa "hapana, baba", maneno mawili, hata mtoto wa chekechea anayaweza. Mie nikasema nakimbia kila asubuhi, na siku nisipokimbia mwili unakuwa mzito. Mie huyu, ambaye nikiona basi linaondoka huwa nalipungia mkono.

Mzee uso ukamchanua. Kumbe ndiye mwenyekiti wa kikundi cha mchakamchaka cha mtaa wao, na Jumamosi wanatoka Sinza hadi Manzese na kurudi, kwa hiyo nijiunge nao. Jumapili yake familia ingekaa kikao kujibu barua. Njiani mjomba akanieleza bila kunipaka mafuta kwamba shangazi zake Neema hawamtaki mtu wa Masasi, wanataka wa kwao, na mwenye kunitetea ni mzee peke yake, kwa hiyo nikimchefua huyo nimekwisha.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nikatokea na raba za mtumba namba arobaini na moja. Mguu wangu ni arobaini na tatu, ila zilikuwa nzuri, nyeupe zenye mstari mwekundu, na mie nilikuwa nakwenda kuonekana, sikuwa nakwenda kukimbia. Nikawakuta wenyewe wamepanga mistari, fulana za kijani zimewabana, watu wazima na heshima zao wanaruka ruka pale kama wamekanyaga siafu. Nikawadharau kimoyomoyo. Nikasema hawa akina mama wa vikoba na hawa wastaafu, mie nitawaacha wapi?

Walioniacha ni wao. Tumefika Shekilango nimeshaanza kuona nyota, kiongozi anaimba, wenzangu wanaitikia kwa sauti na pumzi zimebaki, mie nachezesha midomo tu, na mama mmoja mnene ambaye nilimcheka mwanzoni ananipita huku anampigia mtu simu kumuuliza kama maharage yameshainjikwa. Mzee yuko mbele, akigeuka nampa dole gumba. Tukashika Barabara ya Morogoro, tukaingia Manzese, na pale chini ya daraja la waenda kwa miguu, hatua chache kutoka dukani kwangu, unyayo wa kulia ukakaza. Vidole vikajikunja vyenyewe kama mkono ulioshika tonge. Ningesimama hapo hapo nikavua kiatu na kuvivuta vidole nyuma, mambo yangeishia pale, lakini nisimame vipi mbele ya mkwe? Nikaendelea kuchechemea. Mkazo ukapanda kwenye kigimbi, ukapanda pajani, huku juu kabisa, nikaanguka chini nimejishika sehemu ambayo mwanamume hajishiki hadharani, nikapiga kelele, "Mshipa! Mshipa umenikamata!"

Sasa kwetu Masasi mshipa ni mshipa tu, wa shingo, wa mguu, wowote. Mjini hapa mwanamume mzima akilala barabarani amejishika huku akilia mshipa, watu wanajua ni ngiri. Mie miaka yote niliyokaa Dar sikuwahi kulifikiria hilo, halafu najiitaga mtoto wa mjini.

Mzee akarudi mbio, akawaambia wenzake waendelee, akachuchumaa. Akauliza kwa sauti ya chini sana, "Umekuanza lini huu mshipa?"

Ningesema umenianza dakika tano zilizopita, ningeumbuka kwamba sijawahi kukimbia maishani. Nikajikaza. "Wa siku nyingi, baba. Unakuja unaondoka. Nimeshauzoea."

Mzee akafumba macho. Nikadhani ananihurumia kama mwanamichezo mwenzake.

Na pale pembeni, kwa bahati yangu, alikuwepo yule muuza dawa za mizizi mwenye kipaza sauti, ambaye kila siku ananipigia kelele dukani. Akaja na chupa ya maji meusi, akanimiminia kwenye kifuniko, nikabugia nikijua ni ya kulegeza misuli (chungu hiyo, sijui alichemsha gome au alichemsha kiatu). Nilipomeza tu akainua kipaza sauti chake. "Mnamwona huyu kijana? Ngiri haichagui, hata wanamichezo inawaangusha. Huyu muuza vipuri jirani yangu, leo kapata dawa."

Ndipo nikaelewa mshipa wangu wameusikiaje. Nikasema ni mguu jamani, ni unyayo, nikawa navua raba niwaonyeshe, na wateja wangu wa pikipiki wamesimama wananitazama, na dada mmoja muuza chapati akasema wote wakibanwa husema ni mguu. Watu wakacheka hadi wengine wakashika nguzo za daraja. Nilipogeuka kumtafuta mzee niliona mgongo wake tu, anaondoka anatembea, na chupa ile ameishika.

Jioni Neema akaniandikia: "Ungeniambia mimi kwanza." Nikampigia, nikamwapia kwa jina la mama yangu. Akasema anajaribu kuniamini. Usiku ule nilijidharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa nampoteza mwanamke ninayempenda kwa ajili ya raba na majivuno.

Jumapili nikakaa na simu mkononi mpaka mchana. Mjomba alipopiga aliniambia shangazi walisimama wote kukataa, walisema hawamtoi binti kwa mgonjwa, na mzee akawasikiliza hadi mwisho, halafu akasema yeye amekubali na mjadala umefungwa. Hakutoa sababu.

Sababu nilipewa mimi (na hii isitoke hapa), Jumatatu, uani kwake, mlango amefunga. Nilikwenda nimejiandaa kueleza yote, uongo wa mazoezi, raba, unyayo. Kabla sijafungua mdomo akaweka vikombe viwili mezani, na ile chupa.

"Mimi ni mwaka wa nane sasa," akasema. "Mama Neema tu ndiye anayejua. Naona aibu, Bosco. Nilipokuona umelala pale mbele za watu, na bado unasema umeuzoea, nikasema huyu ananizidi ujasiri."

Niambieni nyie, ningesema nini? Ningemwambia baba wa watu kwamba mimi ni mzima, ni mwongo tu, na siri yake ameimwaga bure?

Nimemwoa Neema, naye anajua ukweli wote, huwa anaziba mdomo na kanga akituona mie na baba yake tumekaa na vikombe vyetu. Nimeapa kwamba mguu ukinikaza tena nitasema mguu, na nikiulizwa kama nakimbia nitasema sikimbii. Nilichofanikiwa pekee ni kumbembeleza mzee akapimwe hospitali, na amekubali kwa sharti moja, kwamba tutaingia kwa daktari pamoja na nitapimwa mimi kwanza. Ni Alhamisi hii.