Mkaa Chini ya Jiwe

Spika wa baraza la koloni letu, mwana wa Zebulon aliyejenga daraja la mto, mjukuu wa Obadia aliyesimika mawe ya mpaka wa mji huu kabla hata hatujawa na kanisa! Sisi tuliokulia hapa tulimjua kwa mikono yake, mipana kama makasia, isiyotulia hata akisali. Na kila alipotaka kusema neno zito, alivua kwanza wigi lake akalibana kwapani kama kuku wa kupeleka sokoni.

Siku ya kukagua mpaka tulimfuata wote, wake kwa waume, maana mji jirani ulikuwa ukidai bonde la majani, na bila majani yale ng'ombe wetu wangekufa theluji ikianguka. Kiongozi wao, Jabez Colvin, alilipiga teke jiwe la mpaka la bonde hilo. "Mzee Spika, hili mmelisogeza nyie. Babu yako alikuwa na mkono mrefu!"

"Mrefu kweli, Jabez. Ulifika mpaka chini ya ardhi."

Wigi likaenda kwapani. Akapiga magoti matopeni na soksi zake za hariri, akachimba ubavuni mwa jiwe kama mbwa aliyenusa mfupa. Mara akainua kiganja: mkaa! Obadia aliuzika chini ya kila jiwe, kwa kuwa jiwe huhamishwa, lakini mkaa hauozi wala hauhami. Tulishangilia hadi kunguru wakahama miti.

Yeye hakumcheka Colvin. Alichukua jembe la mmoja wetu, akamkabidhi. "Fukia wewe, mwanangu, kwa mkono wako. Kisha walete wanao hapa, wajue ni nani aliyeufukia."