Alama za Maji ya Kisima

Miaka ile ya tisini nilifundisha fizikia katika chuo kimoja kisiwani Mombasa, na jambo moja lilinisumbua: wanafunzi wetu walijua jibu kabla ya kupima. Ukiwapa mizani na chupa ya maji ya lita moja, kwanza wanafungua kitabu. Kitabu kikisema kilo moja na mizani ikasema vingine, basi mizani ni mbovu.

Sikuwalaumu. Idara nzima ilitoa alama kwa jibu lililokaribia la kitabu, na aliyeandika alichokiona alianguka. Nilijaribu kusahihisha kwa namna yangu, lakini mtihani wa mwisho ulisahihishwa na wenzangu, na walioumia ni wanafunzi wangu. Hapo nikaelewa kwamba darasa langu peke yake halitoshi; utaratibu wa idara ndio wa kubadilishwa.

Nikapeleka ombi kikaoni: alama zitolewe kwa kupima kwa uangalifu na kueleza tofauti. Mkuu wa idara, mama mpole kutoka bara, alisema atakubali iwapo atakubali mwenzetu mkongwe aliyeutunga utaratibu wa zamani. Mzee huyo alinitazama juu ya miwani.

"Wataka kuwapa watoto alama kwa kukosea?"

"La, mzee wangu. Kwa kueleza. Njoo darasani uone."

Akaja. Nilikuwa nimechota maji ya kisima cha mtaani kwetu Kuze, ambayo ni ya kufulia na kuogea tu kwa kuwa hayanyweki kwa chumvi. Kazi ilikuwa kulinganisha uzito wake na wa maji safi.

"Haya yapimwa au yaogewa?" akanitania, kisha akakaa na kundi moja, akashika kalamu awaandikie. Mizani ikatulia juu kidogo ya kilo moja. Yeye alikuwa keshaandika moja.

Msichana aliyekaa karibu naye akachungulia. "Samahani, mwalimu, hiyo moja umeiona wapi?"

Mzee akaitazama mizani, akaitazama karatasi. "Mkononi," akasema. "Mkono umezoea."

Darasa likaangua kicheko, naye akacheka nao. Kisha akawauliza tofauti ile imetoka wapi. Mmoja akasema chumvi, mwingine akasema chupa haikupanguswa nje. Wakaipangusa, wakapima tena, wakapima pia maji safi ya mfereji. Mzee alikuwa bado anabishana nao huku darasa la pili likingoja mlangoni.

Kikaoni alikubali, kwa sharti moja: kila kazi isahihishwe na walimu wawili, asije mtu akapendelea wake. Mkuu wa idara akaafiki, na mimi nikapangwa na mzee.

Tulianza kwa chai ya tangawizi na rundo la karatasi. Moja ilikuwa na jibu la mbali kabisa, lakini mwenyewe alieleza alipokosea na namna alivyorudia.

"Huyu mpe nyingi," mzee akasema.

"Nyingi kiasi gani?"

"Usinibane, mwanangu. Isome tena, halafu tuelewane."

Nikaisoma tena.