Suruali Iliyokwenda Bukavu Kununua Gari

Ukifika mahali magari ya abiria yanapojazia watu hapa Kamembe, ukasikia konvwayeri, yule mpakia abiria, anaita "Suruali! Suruali ya Bugarama, inabakisha nafasi mbili!", usidhani ni mtumba unauzwa. Hiyo ni Hiace yangu, nyeupe yenye mstari wa bluu, na aibu iliyoipa jina hilo ni yangu pia. Nimeibeba miaka yote hii nikinyamaza, lakini nimechoka, maana kila mtu anaisimulia anavyotaka (wako wanaosema nilivuka mpaka nikiwa uchi, uongo mtupu, nilikuwa nimejifunga kitenge), basi bora niisimulie mwenyewe mcheke mara moja yaishe.

Mimi ni fundi cherehani. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alimwachia mke wangu, Maman Zuhura, kipande cha shamba la mpunga kule Bugarama, na baada ya vita mambo yalipoanza kutulia upande wetu tukakubaliana kukiuza tununue gari la kubeba watu, wakulima wa mpunga na wale wa kiwanda cha saruji, maana watu walikuwa wengi barabarani na magari machache. Ng'ambo ya mpaka, Bukavu, vita vilikuwa bado, wiki hii vimelala, wiki ijayo vimeamka, na ndiyo sababu Papa Muderhwa wa mtaa wa Nyawera alikuwa anauza Hiace yake kwa bei ya mtu aliyechoka. Kila bunduki zilipolia alikuwa akiivua magurudumu, anayazika nyuma ya migomba, analiacha gari juu ya matofali na kuku wanalala ndani, ili wenye silaha wakija waone kibanda cha kuku. Gari lilipona, lakini mwenyewe presha ilimpanda.

Kipande kikauzika, tukapata dola (franga, tunavyoita pesa yoyote huku), shida ikawa kulipa. Yeye hakutaka kulileta Kamembe kabla ya kulipwa, akiogopa likivuka daraja la Rusizi halitarudi, na mimi sikutaka kutuma pesa kabla ya kuliona gari, nikiogopa hivyo hivyo. Benki? Benki ya ng'ambo siku zile ilikuwa imefunga milango, kabaki mlinzi tu anaota jua. Ndipo mke wangu aliponiambia, asubuhi, ananimiminia chai:

"Papa Zuhura, peleka hizi franga kwa duka ya Mzee Salehe. Ndugu yake iko Bukavu. Unaacha huku, banakupa neno ya siri, unaenda kuisema kule, unapewa. Batu yote ya soko banafanya vile."

"Mzee Salehe? Ule mudomo yake haina mulango! Kesho hata samaki ya Kivu itajua tuko na dola."

"Samaki haina kazi na dola yako."

Mtu mwenye akili angemaliza chai akaenda kwa Mzee Salehe. Lakini mimi fundi, na fundi akishasifiwa mishono yake kuanzia Mibirizi hadi Gikundamvura, kichwa kinavimba, anaona hakuna tatizo duniani lisiloshoneka. Nikasema nitazishona dola ndani ya suruali. Mwizi aje, askari apapase, nani atafumua mshono wangu?

Nikashusha pazia la karakana mchana kweupe, nikachukua suruali yangu ya kaki nzito, nikaifungua kiunoni na mapajani, nikatandaza noti moja moja kati ya kitambaa na bitana. Na msinione mjinga kabisa, nilijua vizuri kwamba ng'ambo dola yenye kasoro haitakiwi, ikichanika kidogo tu ukingoni wanakurudishia kama umewapa jani la mgomba, kwa hiyo nilichagua zile mpya zenye picha za vichwa vikubwa, nikazinyoosha, hata pasi ya mkaa nikazipitishia kwa mbali. Nikavaa. Nikatembea hatua chache mbele ya mke wangu.

"Unalia," akasema.

"Mimi?"

"Suruali."

Kweli, ilikuwa inalia kwaru-kwaru. Basi nikafanya uamuzi mdogo, mdogo mno, ambao ndio chanzo cha yote: nikaamua kupitisha mishono ya kukatiza juu ya noti za kiunoni na mapajani, kama mtu anayetuliza pamba ya godoro, ili zisichezecheze. Nikakaa kwenye cherehani, nikakanyaga. Tarararara, juu, tarararara, chini. (Aliyeelewa ameelewa. Mimi sikuelewa. Mke wangu alikuwa ameshatoka kwenda zake, amechoka kunisikiliza.)

Siku ya pili asubuhi nikaenda darajani na dereva niliyemkodi, maana mimi gari najua kulipanda tu. Suruali ilikuwa kimya sasa, lakini ilikuwa imekakamaa, magoti hayakunjiki, mapaja hayakutani, nikawa natembea miguu panda huku jasho linanitoka. Maman mmoja mwenye beseni la nyanya kichwani akanipita, akageuka, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Pole, Papa. Balikutairi na uzee yote hii?"

Dereva wangu akacheka mpaka akakaa chini. Upande wa pili askari akanisimamisha, akauliza, "Weye, ju ya nini unatembea vile?" Nikamwambia jipu, chef (ndivyo askari wa kule wanavyopenda kuitwa, yaani mkubwa). "Jipu wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole, pale pabaya kabisa. Akarudi nyuma akafunika pua. "Pita, pita, usisimame karibu yetu!" Nikapita bila kupapaswa, na jamani, nilijiona bingwa, nikasema moyoni, Maman Zuhura angekuwepo aone.

Nyawera tukamkuta Papa Muderhwa na gari lake limeoshwa, ingawa harufu ya kuku ilikuwa bado imo. Barazani alikuwepo mtu mwingine, mnene, kutoka Uvira, anakunywa bia taratibu. Papa Muderhwa akaniambia wazi kwamba huyo naye ana dola zake mkononi, mimi nimetangulia kuahidi kwa hiyo ananingoja, lakini kama daraja linakaribia kufungwa jioni nami sijalipa, gari linakwenda Uvira.

"Sasa franga iko wapi?"

"Nimeivaa," nikasema.

Akanitazama juu mpaka chini. Mke wake, Maman Nsimire, ambaye kazi yake ni kuvunja dola barabarani na hadanganyiki na noti, akaingia ndani akaniletea kitenge chake nijifunge. Kilikuwa kitenge cha sikukuu ya wanawake, na nilipojifunga, maandishi makubwa yakakaa sawasawa kwenye makalio yangu: MWANAMKE NI NGUZO YA NYUMBA. Sikuona, nimekuja kuambiwa baadaye na kila mtu.

Tukaanza kufumua. Mishono yangu haifumuki, ndiyo sifa yangu, kwa hiyo tukatafuta wembe, na wembe ulipomaliza kazi suruali ilikuwa vipande vya kufutia meza. Maman Nsimire akachukua noti ya kwanza akaiinua dirishani. Mwanga ukapita kwenye matundu ukamwangukia usoni, nukta nukta, mstari ulionyooka vizuri sana (naomba hilo mnipe, ulikuwa umenyooka).

"Mungu wangu! Papa, hii dola balipiga masasi?"

Akainua ya pili. Ya tatu. Zile za chini kidogo, ambazo cherehani haikuzifikia, zilikuwa nzima. Zilizobaki zote zilikuwa chujio. Yule wa Uvira alikuja mlangoni na glasi yake kutazama, kama watu wanavyokuja kutazama ajali. Maman Nsimire, kwa huruma, akasema zile zenye matundu anaweza kuzichukua, ana mtu wake Bujumbura wa kumpelekea, lakini kwa nusu, zaidi ya hapo hawezi.

Hapo ndipo nilipoacha kujiona bingwa. Nusu ya zile haikutosha gari, na ile haikuwa pesa yangu. Ilikuwa mgongo wa mama mkwe, aliyeinama kwenye maji ya Bugarama maisha yake yote mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na mke wangu alinikabidhi bila kugombana zaidi kwa sababu mimi ni mume wake. Nikakaa kwenye kiti cha watu na kitenge cha watu, nikaona aibu ya kweli, na macho yakanilenga machozi, sifichi.

Papa Muderhwa akaniazima suruali yake, ikakataa kupita magotini. Kisha akaniazima simu yake, ambayo mtandao wa kwetu ulikuwa unaishika ukisimama kwenye kona ya ua, karibu na choo. Na namba ya simu niliyoijua kwa kichwa upande wetu ilikuwa moja tu, ya dukani. Ya Mzee Salehe.

Mzee Salehe akiongea na simu huongea kama anaita mtu wa kilima cha pili, na kila unachomwambia anakirudia.

"Alloo! Nani? Fundi! Eh, salama! Unasema? Suruali imefanya nini? Imekatwa-katwa! Na nani? Na weye mwenyewe! Sasa uko unavaa nini? Kitenge! Kitenge ya bibi ya nani?"

Nyuma yake nikasikia soko zima linacheka. Nikamwomba aniitie Maman Zuhura, ambaye anauza ndizi karibu na hapo, na nilipoisikia sauti yake nikamweleza yote bila kupumua. Akauliza kitu kimoja tu.

"Za Mama zilitoboka mingi?"

"Mingi."

Nikasikia mlio mdogo, kling, na mwingine, kling, juu ya meza ya duka. Zilikuwa bangili zake za dhahabu, anaziweka rehani, zile alizoolewa nazo, ambazo hata tulipokimbia vita alizishika mdomoni zisipotee. Mzee Salehe akarudi kwenye simu, safari hii sauti yake ikiwa imeshuka kidogo.

"Fundi, enda kwa ndugu yangu Idi, karibu na soko ya Kadutu. Atakupa yenye ilibakia. Atakuuliza neno."

"Neno gani?"

"Bibi yako njo amechagua. Neno ni suruali."

Nilitembea Nyawera hadi Kadutu na nguzo ya nyumba mgongoni. Duka la Mzee Idi lilikuwa limejaa wanawake wanaonunua chumvi na sabuni. Nikasogea kwenye meza, nikainama, nikamnong'oneza.

"Suruali."

"Eh?"

"Suruali."

"Sema na nguvu, Papa, masikio yangu haiko muzuri."

"SURUALI!"

Wote wakageuka, wakanitazama usoni, kisha macho yakashuka chini polepole, wakanizunguka nyuma wakasoma. Mama mmoja akamwambia mwenzake, "Ni kweli, haiko nayo."

Mzee Idi alicheka mpaka akafuta macho, akanihesabia pesa safi, nzima, zisizo na tundu hata la sindano. Hakuuliza cheti, hakuuliza jina la baba. Neno tu. Chai aliyokuwa anakunywa ilikuwa bado inatoa moshi nilipotoka, na nikajiuliza ni shetani gani aliyenitoa kwenye njia rahisi namna hiyo.

Nikarudi Nyawera, zenye matundu nikamwachia Maman Nsimire kwa nusu, nikalipa. Yule wa Uvira akanipa mkono kiungwana, akasema siku akitaka koti atanitafuta, ila nimwachie mifuko wazi. Tukaondoka jua likiwa limeinama, tukafika darajani kabla ya kufungwa, na yule askari wa asubuhi akachungulia ndani ya gari, akaona kitenge. "Jipu ilipasuka?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, chef, imepasuka.

Upande wetu nilidhani nitapita kimya. Lakini Mzee Salehe alikuwa ameshafanya kazi yake. Watu walikuwa wamejipanga kando ya barabara kama wanampokea waziri, na mbele yao alisimama Maman Zuhura, mikono mitupu bila bangili, ameinua juu kabisa suruali yangu nyingine, imepigwa pasi, kwenye henga, kila mtu aione. Nikashuka na kitenge changu mbele ya Kamembe yote, nikaipokea.

Nilikuwa nimepanga kuliandika gari "Wivu wa Nini", hata rangi nilikuwa nimeshanunua. Nilipomwambia mke wangu, hakugomba.

"Bangili iko ya nani?"

"Yako."

"Basi na jina iko yangu."

Rangi ile ile ndiyo iliyoandika SURUALI, mbele na nyuma.

Gari lilifanya kazi vizuri, na kabla mpunga wa msimu wa pili haujavunwa bangili zilikuwa zimerudi mkononi mwake. Tangu siku ile sijashona pesa ndani ya nguo na sitashona, hata mteja akinipigia magoti, na mkiniuliza njia salama ya kulipia gari la bei kubwa nitawaambia ni ile ambayo mkeo alikwambia asubuhi wakati wa chai. Mimi bado ni mbishi, sijapona. Ila siku hizi nikianza kubisha Maman Zuhura hanijibu, anatikisa mkono tu, bangili zinalia kling, nami namaliza chai yangu naenda kufanya alivyosema.