Nilivyoacha Imla

Nilikuwa nimefundisha uchumi chuo kikuu kwa miaka kumi na minne, na sikuwa na shaka hata chembe kwamba nilikuwa hodari. Nilisimama, nikasoma noti zangu zilizogeuka manjano, nikarudia kila sentensi mara mbili ili wanafunzi waandike. Nami ndivyo nilivyofundishwa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, idara ikatangaza kwamba masomo yangepeperushwa kwa setilaiti hadi miji mingine, na wanafunzi wa huko wangepiga simu kuuliza maswali. Kila mhadhiri angejaribiwa na wakaguzi mbele ya kamera. Atakayeshindwa, somo lake litachukuliwa na mgeni kutoka ng'ambo. Somo langu apewe mgeni? Nilinuna siku mbili. Kisha nikajikumbusha kwamba kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi, nikajiandikisha kujifunza kompyuta ili nizichape upya noti zangu.

Chuo chenyewe kilikuwa chumba juu ya duka la misumari na mabati, kituo cha Kawangware 56, si mbali na kwangu, mtaa uitwao Satellite. Mwalimu alikuwa msichana wa Soweto West, Kibera, umri wa wanafunzi wangu, na hakuona haya kunigonga vidole kwa rula.

Wiki ya tatu noti zote zilikuwa zimechapwa, nakala kwa kila mwanafunzi. Nikamwomba anisikilize nikifanya mazoezi. Nilisoma sentensi ya kwanza, nikairudia. Akainua mkono.

"Sasa mwalimu, si hizi notes umeshawaprintia? Hapa nani anaandika?"

 Iliniuma, sitaficha. Niliteremka ngazi, nikapita kwa akina mama wa nyanya, waliokaa bega kwa bega na mafungu yaleyale kwa bei ileile. Hapo nikajua nitafundisha nini.

Siku ya jaribio, wanafunzi wa miji mingine wakitazama, niliacha noti mezani. Nilieleza kwamba wauzaji wa bidhaa moja wakikaa pamoja, kila mmoja humnyang'anya mwenzake wateja. Nikawauliza wanafunzi wanaonaje, nikanyamaza. Fundi wa mitambo akachungulia, akidhani sauti imekatika. Nikamwashiria atulie.

Simu ikalia. Alikuwa mwanafunzi wa Kisumu.

"Mwalimu, hiyo si kweli. Mamangu huuza nyanya. Jirani yake wa sokoni akienda matanga, mama ndiye humuuzia nyanya zake."

Kwa miaka kumi na minne hakuna mwanafunzi aliyewahi kunipinga; mikono yao yote ilikuwa ikiandika. Nilifurahi mpaka nikawasahau wakaguzi. Kwamba somo limebaki langu niliambiwa baadaye. Wakati ule nilimwomba aendelee, nikachukua kalamu, nikaandika mimi.