Nyuki Walionitolea Ulimi

Nimepiga deki miaka thelathini na moja, na sikuwahi kudharauliwa na mdudu mpaka nilipopangiwa kusafisha chumba cha utafiti cha binti yangu pale chuoni.

Kilikuwa chumba cha nyuki. Kila mmoja kabanwa ndani ya kimrija, kichwa tu nje, kama mtoto kwenye mbeleko. Asubuhi binti yangu huwapulizia harufu ya waridi, kisha huwapa tone la maji ya sukari. Siku chache tu, nyuki akinusa waridi, ulimi nje! Na kwenye kompyuta alikuwa ametengeneza ubongo wa kuiga wa nyuki, utabiri harufu ipi itamfanya nyuki atoe ulimi.

"Ubongo wenyewe ni kama punje ya ufuta, mama. Kila harufu inaamsha chembe chache tu, nyingine zote zinalala. Tukiiga hivyo, kompyuta inajifunza upesi."

"Wachache wanafanya kazi, wengine wamelala," nikasema. "Hiyo ni ofisi yenu, si ubongo."

Shida, nyuki walitoa ulimi hata pasipo waridi. Hasa nikiingia mimi na ndoo. Wote ishirini!

"Mama zenu hawakuwafunza adabu?" nikawauliza.

Binti yangu akakonda. Ijumaa walimu wangekuja kumtahini, na kompyuta yake ilisema hivi, nyuki wanafanya vile. Kazi ya miaka minne inakwenda na maji.

Alhamisi akasimama akiwatazama nyuki, kisha ndoo yangu.

"Mama, unapiga deki na nini?"

"Na maji."

"Matupu?"

Mlangoni palikuwa na karatasi: sabuni marufuku. Niliisoma siku ya kwanza, herufi kwa herufi, nikamaliza. Lakini mimi sifundishwi deki na karatasi. Kila asubuhi nilitia sabuni yangu ya ndimu, saa ile ile wanapopewa sukari.

"Mama."

"Usafi haujaua mtu."

Akanikazia macho. Akikaza macho hufanana na marehemu baba yake, na uso ule sijawahi kuushinda. Nikatua ndoo.

"Ya ndimu. Vifuniko viwili."

Nilidhani atalia. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kompyuta haina kosa! Umewafundisha wewe!" Akakaa, ule ubongo wa kuiga nao akaufundisha harufu ya ndimu.

Ijumaa nikaitwa mbele ya walimu watatu. Kompyuta ikatabiri: ulimi. Nikapita na ndoo yangu, polepole, kama bibi harusi. Ishirini, ulimi nje.

"Na huyu mtaalamu amesomea wapi?" akauliza mkubwa wao.

"Nimeishia darasa la pili," nikasema, "lakini wanafunzi wangu wamefaulu wote. Wako huyu usimwangushe."

Hakumwangusha. Chumba kile sasa nakipiga deki kwa maji matupu. Chumba kile tu.